Mbuzi Aliyetangulia Kikima

Siku ya soko mjini Kitui mtu hukanyagwa, kisha yeye aliyekanyagwa ndiye huomba radhi. Ndivyo ilivyomfika Ndinda Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1987, alipokuwa akijipenyeza kati ya wauza mbaazi na wauza vikapu, kichwa cha cherehani begani kimefungwa kwa leso. Mwanamume mrefu, suruali yake ya kaki imejaa madoa ya grisi, alirudi nyuma bila kutazama akamponda kidole gumba cha mguu.

"Pole," alisema Ndinda, machozi yakimlenga.

Mtu yule akageuka. "Mimi ndio nimekukanyaga, na wewe ndio unasema pole?" Akatazama mzigo begani. "Hiyo ni cherehani ama ni mtoto umebeba?"

"Ni cherehani. Imekataa kushona."

"Imekataa ama umeikasirisha? Lete. Mimi ni daktari yao."

Jina lake lilikuwa Kisilu. Alikuwa fundi wa cherehani, na pikapu yake ya Peugeot, kijani iliyopauka, ilizunguka masoko kuanzia Mutomo hadi Kathonzweni. Aliiweka mashine juu ya boneti, akaifungua, akatoa tumboni mwake donge la nyuzi la ukubwa wa yai.

"Kwani unashonanga nini, blanketi ya ndovu?"

"Sare za shule."

"Sasa itashona. Lakini nitarudi Monday nione mgonjwa."

"Na mgonjwa akiwa amepona?"

"Nitajionea mwenyewe."

Mgonjwa akipona, daktari mwenye kazi zake hukaa kwake. Kisilu alirudi Jumatatu, akarudi Alhamisi, akarudi Jumatatu nyingine, mpaka watu wa mtaa ule wakaanza kusema kwamba haijapata kuonekana cherehani yenye maradhi sugu namna ile.

Ndinda alishonea kwenye baraza la duka la Halima, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walipanda kutoka pwani na biashara ya nguo, wakasahau kuteremka. Ndinda alikuwa na miaka thelathini na minne, na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ndogo, akala akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Jirani akizima, Ndinda naye alilala. Kwa miaka mingi alidhani ameuzoea upweke huo, mpaka Kisilu alipoanza kupiga simu.

Alipiga saa kumi jioni, siku zisizo za soko, kutoka posta yoyote aliyokuwa karibu nayo. Simu ya Halima ilikaa juu ya kaunta chini ya kitambaa cha kufumwa.

"Halo, ni duka la Halima?"

"Ndiyo. Wataka nguo gani?" Halima aliuliza, akimjua vyema.

"Nataka mwenye anazishona."

"Huyo hauzwi kwa yadi, mwanangu. Ngoja nimwite."

Ndinda hakuhitaji kuitwa. Alikwisha kusimama, akijifuta mikono isiyokuwa na kitu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula mkate na soda hapa Mutomo, nikiangaliana na mbuzi. Ungekuwa hapa hawa mbuzi wangeenda zao."

"Kwa nini? Mimi ni fisi?"

"Wewe ni mrembo. Mbuzi wana haya."

Ndinda akacheka mpaka opereta akakohoa kwenye laini.

Mambo yakaendelea hivyo hadi mwezi wa saba. Alhamisi moja, akiwa ameegemea cherehani aliyoitengeneza mara saba bila sababu, Kisilu akasema, "Nataka nikupeleke Mutomo uone mama yangu."

Ndinda akaacha kukanyaga. "Siwezi. Mimi ni mke wa mtu."

Akamweleza. Alikuwa ameolewa akiwa na miaka ishirini na mmoja huko Kikima, juu kwenye vilima vya Mbooni, na mkulima mpole aitwaye Ndolo. Kanisani hawakufika, walioana kimila. Miaka minne hakupata mtoto, na miaka hiyo minne mamake Ndolo alimwita mti mkavu mbele ya majirani, mbele ya wageni, na Ndolo akiitazama sahani yake. Asubuhi moja Ndinda alifunga nguo zake akarudi kwa Mulei, baba yake, nje kidogo ya mji wa Kitui.

Lakini ndoa ya Wakamba haivunjwi kwa kufunga nguo. Mbuzi wa ntheo, wale wa posa, walikuwa wamekwisha kuliwa, na mwanamke akitaka kuwa huru sharti watu wa kwao wampelekee mume mbuzi mmoja, mbui ya ulee, mbuzi wa kukataa. Mume akimpokea, yamekwisha. Mbuzi asipopelekwa, mwanamke ni mke wa yule yule hata wakikaa mbali miaka mia, na mtoto atakayemzaa kwa mwingine ni wa yule yule. Mulei aliahidi kumpeleka mbuzi huyo baada ya mavuno, akafa kabla ya mavuno. Kaka yake Ndinda, Musyoka, akasema atampeleka yeye. Alikuwa bado anasema. Miaka tisa ilikuwa imepita. Hata mchungaji wao alimwambia Ndinda, "Malizeni ya nyumbani kwanza, ndipo mje kwangu."

Aliposema yote hayo alingoja Kisilu apande pikapu yake aondoke. Kisilu akakuna kichwa.

"Kwa hivyo chenye kinatutenganisha ni mbuzi?"

"Na Musyoka."

"Kikima ni mbali?"

"Saa tatu. Unapita Kwa Vonza, unavuka Athi, unaenda Wamunyu, Masii, halafu unaanza kupanda."

"Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Chai ya asubuhi hapa, na ya jioni hapa hapa."

Kwa kuwa ilikuwa safari fupi, waliipanga kwa muda mrefu. Waliichora juu ya karatasi ya kukatia nguo, Kitui huku, Kikima kule, na mto katikati. Wakabishana mbuzi atasafiri vipi, kama Musyoka atakaa mbele au nyuma naye, watajaza petroli wapi, mvua ikinyesha watafanyaje. Kisilu alipiga simu kutoka Kathonzweni kuuliza kama mbuzi hutapika garini. Ndinda alijishonea gauni la buluu lenye kola nyeupe, na Halima akaligeuzageuza mikononi.

"Mwanamke anayekwenda kuachwa huvaa hivi?"

"Siendi kuachwa, Mama Halima. Naenda kuacha."

Ukweli ni kwamba mipango ile ilimpa raha kuliko alivyotarajia kupata kwa safari yenyewe. Kwa miaka tisa hakuwa amepanga jambo lolote na mtu.

Jumamosi ya kwanza mbuzi wa Musyoka alikuwa anachechemea. Ya pili kulikuwa na harambee kanisani. Ya tatu ng'ombe alikuwa anazaa. Hatimaye wakakubaliana Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, na Musyoka akaapa.

Siku hiyo Musyoka alikuja kweli, amevaa koti la marehemu baba yao, na mbuzi kwenye kamba. Ndinda alikuwa barazani tangu alfajiri, nywele zimesukwa, gauni la buluu limepigwa pasi. Ikawa saa moja. Ikawa saa mbili. Pikapu haikuja. Musyoka alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, akaketi. Kisilu amekimbia, Ndinda aliwaza. Nani hangekimbia?

Saa tatu simu ikalia.

"Ndinda, furahi. Nimemaliza," ilisema sauti ya Kisilu.

"Umemaliza nini? Uko wapi?"

"Kikima, kwa posta. Nilikuja jana. Nilinunua mbuzi Masii, dume safi kabisa, nikapeleka mwenyewe. Musyoka angetuzeesha. Nilitaka uamke leo uko huru, bila kuona hao watu."

Ndinda akajishikilia kaunta. "Ulisema nini kwao?"

"Ukweli. Nilisema nimeleta mbuzi kwa sababu ya Ndinda. Wazee wakaniuliza mimi ni nani yako. Nikasema mimi ni mpenzi wako. Wakaangaliana, wakasema wamekubali. Walichinja hapo hapo, hata mimi wakanipa nyama."

"Wamekubali nini, Kisilu?"

Laini ikanguruma kidogo. "Walisema wamekubali nimekiri."

Musyoka alimnyang'anya dada yake simu. "Wee bwana. Mbuzi ya ulee inatoka kwa baba ya msichana. Mwanaume mwingine akileta mbuzi, hiyo ni faini. Umelipa faini ya kulala na bibi ya mtu. Na ukakula nyama."

"Kwa hivyo Ndinda..."

"Ndinda leo ni bibi ya Ndolo kushinda jana. Umemwekea muhuri."

Kisilu alilelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa misheni, Mutomo, ambako baba yake alikuwa mpishi. Mila za watu wake alizijua kama mtu ajuavyo ubeti wa kwanza wa wimbo: anaanza kwa sauti kubwa, kisha anabaki akifungua mdomo tu. Ndinda aliichukua simu, akasema polepole, "Usinipigie tena," akaiweka chini na kuifunika kwa kitambaa chake. Halafu akaenda chumbani akavua gauni.

Septemba ikapita. Ndinda alishona, akakata, akashona. Mjini habari zilifika upesi, maana Kikima na Kitui ni majirani linapokuja suala la maneno. Wanawake kanisani walimsogelea kwa upole uliozidi, ule wanaopewa wafiwa. Saa kumi ikawa saa mbaya kuliko zote. Simu ililia kila siku isiyo ya soko, Halima akaiinua, akamtazama Ndinda aliyeketi hatua tatu kutoka pale, akasema, "Hayupo."

Mwishoni mwa Oktoba Halima aliweka mkono juu ya simu kabla haijalia.

"Uongo wangu wa jana ulikuwa wa arobaini. Mimi ni mtu wa kuswali, Ndinda. Huyu kijana amekosea mila, hakukosea mapenzi. Wamuadhibu kwa lipi?"

Ndinda aliuvuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mbuzi wa ntheo walipoletwa, mimi nilikuwa jikoni," alisema. "Wakazungumza juu yangu, wakala, wakaniambia nimeolewa. Niliporudi nyumbani baba akasema, wewe kaa, nitapeleka mbuzi. Musyoka akasema, wewe kaa. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia twende. Halafu akaenda."

Simu ilipolia Halima alisema, "Yupo," akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaingia ndani kupima vitambaa ambavyo vilikwisha kupimwa.

"Ndinda?"

Ndinda aliisogeza simu sikioni.

"Nimekuwa nikipanga maneno tangu Agosti," Kisilu alisema. "Sasa yote yamenitoroka."

"Kwa nini ulienda bila mimi?"

"Nilitaka kukuondolea taabu."

"Hiyo umenieleza. Niambie ile ingine."

Upande wa pili mihuri ya posta iligongwa, mmoja, wa pili.

"Niliogopa," Kisilu alisema. "Niliona unashona hiyo gauni. Nikasema, akifika huko, amwone bwana yake, atabaki."

Kitu kikalegea kifuani mwa Ndinda, kisha kikamuuma palepale kilipolegea. Miezi miwili mizima alikuwa amekula peke yake kwa sababu mwanamume mzima aliogopa kola nyeupe.

"Hiyo ungeniambia."

"Ningekuambia aje?"

"Kwa huo mdomo wako wa kuniuliza kama nimekula."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Jumamosi, saa kumi na mbili. Utaendesha. Tukifika Kikima utakaa ndani ya gari, na usishuke hata ukiitwa na mchungaji."

"Na wewe?"

"Mimi nitashika kamba."

Jumamosi hiyo mvua za Novemba zilikuwa zimefika. Athi ilipita chini ya daraja ikiwa nzito na nyekundu, na mbuzi alilalamika nyuma chini ya turubai njia nzima. Watatu walikaa mbele, Musyoka katikati na magoti yake yakizuia gia, akinung'unika kwamba mwanamke hashiki kamba ya mbuzi wa ulee, watu watasema.

"Wamesema miaka tisa," Ndinda alimjibu. "Acha waendelee, wasikose kazi."

Kikima ilikuwa na ukungu na baridi. Kisilu aliegesha sokoni, akaushika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyefungwa hapo. Ndinda alishuka na gauni lake la buluu, akafungua turubai, akazungusha kamba mkononi. Wakateremka kwa miguu kati ya mashamba ya kahawa, Musyoka nyuma, mbuzi mbele akivuta.

Nyumba aliijua, lakini alisita kuiingia, maana ilikuwa imebadilika. Kuta za udongo alizoziacha zikiwa nyekundu zilikuwa nyeupe. Ndolo alitoka amevaa sweta iliyotoboka viwiko, nywele zake zimeingia mvi kabla ya wakati. Wazee wawili waliitwa, viti vikatolewa. Mamake Ndolo hakuwapo. Alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita, walisema. Mke mwingine pia hakuwapo. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na shati moja.

Musyoka alisimama akasema kilichopaswa kusemwa, kwamba nyumba ya Mulei imemkataa mume kwa niaba ya binti yake, na mbuzi ndiye huyu. Ndolo hakumtazama mbuzi.

"Ile ya kwanza wazee walikula," alimwambia Ndinda. "Mimi sikuitia mdomoni."

"Nimesikia."

"Kwa nini mlikawia?"

Musyoka akaanza habari za kiangazi cha themanini na nne, mifugo ilivyokufa.

"Sikuulizi wewe," Ndolo alisema.

"Baba alikufa," Ndinda alijibu. "Halafu ikawa leo, ikawa kesho. Hakuna sababu nyingine."

Ndolo akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nikihesabu mavuno. Mavuno yakipita na mbuzi haijakuja, nasema, basi hajakataa kabisa. Mama alipokufa nikasema, sasa atarudi, hakuna wa kumtusi tena. Nikapaka nyumba chokaa."

Mzee mmoja akatazama pembeni. Ndinda aliziangalia kuta zile, akaona mahali ambapo brashi ilipita mara mbili ili zing'are. Alikuja akiwa tayari kwa matusi. Kwa hili hakuwa tayari.

"Hukuja kuniambia," alisema.

"Nilikuwa nangojea mbuzi. Isipokuja, ningejua."

"Na mimi miaka minne nilingoja useme neno moja pale mezani. Moja tu, Ndolo."

"Najua," Ndolo alisema. "Nalijua hata hilo neno. Nimelisema sana humu ndani, wewe ukiwa hauko."

Ndolo alinyoosha mkono. Ndinda aliifungua kamba kwenye kiganja chake, akampa, na vidole vyao havikugusana. Wazee wakasema kwamba wameona.

Waliporudi sokoni Musyoka alimwangalia dada yake usoni. Kwa mara ya kwanza alikwenda kukaa nyuma ya pikapu kwa hiari yake, chini ya turubai.

"Amepokea?" Kisilu aliuliza.

"Amepokea."

Kisilu akavuta pumzi yote ya Kikima. "Basi acha nikuulize sasa hivi, kabla hata sijawasha gari..."

"Usiniulize."

Kisilu akauachia ufunguo.

"Nimekuwa msichana wa Mulei," Ndinda alisema, "halafu nikawa bibi ya Ndolo. Sijakuwa wangu hata saa moja. Nipe hizi saa tatu mpaka Kitui. Uziogope kama unataka, lakini uzinipe."

Kisilu aliziogopa. Aliendesha Masii, akaendesha Wamunyu, akavuka Athi bila kutoa hata mzaha mmoja, na Ndinda alilia mbele yake waziwazi na hakujificha uso. Kisilu hakumuuliza analia kwa ajili ya nani. Huenda huo ndio ulikuwa mtihani mgumu kuliko yote aliyopewa mwaka ule, na aliufaulu kwa kufunga mdomo.

Walifika Kitui kabla jua halijazama. Musyoka alishuka, akaaga, akaondoka na koti lake limelowa. Kisilu alizima gari mbele ya duka la Halima, akakaa.

"Sasa uliza," Ndinda alisema.

"Utakubali nilete mbuzi za ntheo kwa Musyoka?"

"Lete. Lakini siku hiyo sitakaa jikoni. Nitakaa na wazee, nisikie ninavyosemwa."

"Utakaa kiti cha mbele." Akathubutu kutabasamu. "Fundi wangu, nishuke tunywe chai?"

Ndinda alimgusa shavu kwa nyuma ya mkono, mara moja, kwa upole.

"Leo hapana. Leo kuna mtu Kikima ameketi peke yake ndani ya nyumba nyeupe. Wacha na mimi nikae peke yangu. Njoo Jumatatu."

Kisilu alimtazama, akaelewa, au alielewa kiasi cha kutosha, akawasha gari. Ndinda aliingia chumbani mwake akafunga mlango. Akakaa kitandani na gauni lake la buluu, akamlilia Ndolo mpaka machozi yakaisha, maana alijua kwamba kuanzia Jumatatu hangekuwa na haki ya kumlilia.